Paa la Nyumba Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matunzo, Upepo na Mvua

Kila mwaka, wiki ile masika yanapoanza, simu yangu haipumziki. Nimeezeka na kuezua mapaa jijini hapa kwa miaka mingi, Mbagala hadi Bunju, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Wengi hunipigia maji yameshafika kwenye godoro, na hilo huniuma, maana kazi ambayo ingechukua nusu siku mwezi Februari inakuwa kazi ya wiki nzima mwezi Aprili, tena kwa mbao mbichi na fundi mwenye haraka. Nimeyaandika maswali hayo hapa pamoja na majibu ninayoyatoa.

Paa likaguliwe mara ngapi kwa mwaka, na miezi gani?

Mara mbili: Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na Septemba, kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ukishindwa zote mbili, shika ya Februari.

Anza ndani. Ingia darini mchana, zima tochi, kaa dakika mbili macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la maji. Kisha washa tochi uangalie mbao: madoa meusi, unga wa dumuzi, njia za udongo za mchwa kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Bonyeza mbao yenye doa kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye sabuni, hiyo haishiki tena msumari.

Nje, simama mbali na nyumba uangalie mstari wa juu wa paa na mstari wa fishabodi, ubao wa ukingoni mwa paa. Vyote viwili vinatakiwa vinyooke. Mahali palipopinda au kunyanyuka ndipo pa kupandia. Panda asubuhi, bati likiwa kavu na halijachoma, uvae viatu vya raba, na ukanyage kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo ilipo papi, mbao ya kulala inayopigiliwa bati. Kama hujazoea kupanda, usipande. Piga picha kwa simu ukiwa kwenye ngazi, mwonyeshe fundi.

Kwa nini upepo ulibeba paa langu zima na la jirani likabaki?

Watu wengi hudhani upepo unalisukuma paa. Ukweli ni kwamba unalivuta. Upepo ukipanda juu ya nyumba huongeza kasi, na shinikizo la hewa juu ya bati hushuka. Ndani ya nyumba hewa imebaki na shinikizo lake, na dirisha au mlango ukiwa wazi upande wa upepo, linaongezeka. Bati linavutwa juu na kusukumwa kutoka chini kwa wakati mmoja. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia, bati linalofunika mstari wa juu wa paa. Ndiyo maana paa huanza kufunguka pembeni.

Sasa weka hesabu. Bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene) lina uzito wa karibu kilo 2 na nusu kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 80 kwa saa unaweza kulivuta kwa nguvu ya takribani kilo 30 kwa mita hiyo hiyo, na kwenye pembe zaidi ya hapo. Uzito wa bati si chochote. Kinacholishika ni misumari tu. Tena nguvu hiyo haipandi sawasawa na kasi: upepo ukiwa wa kilomita 40 unavuta robo tu ya ule wa 80. Paa lililovumilia upepo wa kawaida miaka kumi halijathibitisha kwamba litauvumilia ule mkubwa.

Kuna maungio matatu kati ya bati lako na ardhi. La kwanza ni bati na papi. La pili ni papi na kenchi. La tatu ni kenchi na ukuta. Nyumba nyingi nilizoitwa baada ya upepo, bati lilikuwa bado limeng'ang'ania papi. Kilichoachia ni papi, ambayo fundi aliigongelea kwa msumari mmoja kila kenchi, na bati likaondoka na papi zake kama mkeka. Nyingine kenchi zimeondoka nzima, kwa sababu mbao ya juu ya ukuta ilikuwa imelazwa tu, haikufungwa kwenye lenta, mkanda wa zege wa juu ya ukuta. Jirani yako huenda alitumia bati lile lile na duka lile lile. Yeye alifunga.

Mawe, matairi na viroba vya mchanga juu ya bati vinasaidia?

Rudi kwenye hesabu ya hapo juu. Paa la mita za mraba 100, kulizuia kwa uzito peke yake, lingehitaji tani 3. Hakuna kenchi ya mbao za inchi 2 kwa 4 itakayobeba hayo, na hakuna anayeyapandisha. Watu huweka mawe kumi. Mawe hayo huchubua rangi, hutuama maji na majani chini yake, bati linatoboka hapo hapo. Upepo ukija kweli, jiwe linateremka kwa mtoto aliye uani. Ninaelewa kwa nini watu wanafanya hivyo, ni njia ya mtu asiye na hela ya fundi mwezi huo. Lakini hela ya pakiti moja ya skrubu za ukingoni inazuia zaidi ya mawe yote.

Misumari au skrubu?

Skrubu, hasa pembeni. Msumari wa bati hushikwa na msuguano wa mbao peke yake, na jua la Dar linauchosha: bati la mita 6 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana, hurefuka karibu milimita 3, kisha hurudi. Kila siku. Msumari unanyanyuka kidogo kidogo hadi kichwa chake kinaachana na bati. Skrubu imejikaza kwa meno.

Ukikuta msumari umenyanyuka, usiugonge urudi tundu lile lile, tundu limeshapanuka. Ung'oe, tia skrubu nene na ndefu zaidi mahali pake, yenye raba chini ya kichwa. Raba ndiyo inayozuia maji, kwa hiyo isikazwe mpaka ikapasuka wala isiachwe ikicheza. Kwa bati la migongo ya mviringo, piga juu ya mgongo, kamwe si kwenye bonde maji yanapopita. Na kwenye mstari wa chini kabisa, pembeni na karibu na kofia, piga kila mgongo wa pili. Katikati ya paa unaweza kuruka zaidi.

Nyumba yangu ni ya zamani na kenchi hazikufungwa kwenye lenta. Lazima niezue ili nizifunge?

Hapana. Ingia darini, au fungua ubao mmoja wa dari pembeni mwa ukuta. Pale kenchi inapokalia ukuta, chukua utepe wa chuma wenye zinki, uuvike juu ya mbao ya kenchi, ushuke nao pande zote mbili, uupigilie kwenye mbao, kisha uushike kwenye lenta kwa boliti za kutanua zinazozama ndani ya zege. Zisiingie kwenye tofali. Tofali la Dar, lile la kufyatua, hukatika kabla boliti haijakaza. Waya wa kufungia nondo peke yake ni mwembamba mno, unashika kutu na kukatika.

Anza na kenchi za mwisho za pande zote mbili na zile za barazani. Baraza ndilo linalonitia hofu kuliko yote: limefunguliwa chini, upepo unaingia na hauna pa kutokea isipokuwa juu. Kama unajenga sasa, fanya papi za baraza zisiwe mwendelezo wa papi za nyumba. Baraza likienda, liende peke yake. Mimi mwenyewe nimepoteza baraza Kimara, na kwa sababu papi zake zilikuwa zimekatwa pale ukutani, watoto wangu walilala vyumbani mwao usiku ule ule.

Ninunue geji ngapi?

Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa nyumba ya kuishi sishauri 32. Bati jembamba huchanika kuzunguka skrubu, kichwa kinabaki kwenye papi na bati linaondoka na tundu. Ukinunua 30, papi zisiachane zaidi ya mita 1. Usiamini maneno ya muuzaji. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango), na ukiweza omba kipimo cha unene upime mwenyewe hapo dukani.

Naishi karibu na bahari. Kutu itanimaliza?

Msasani, Kawe, Kunduchi, Mbweni, Kigamboni: upepo unakuletea chumvi kila siku. Bati la zinki tupu huchoka upesi huko. Lile lenye mchanganyiko wa alumini na zinki (alumini ni asilimia 55 ya utando wake) huvumilia zaidi, na lenye rangi nzuri juu yake zaidi tena.

Jambo ambalo wengi hawalijui: sehemu inayooza kwanza ni ile isiyonyeshewa. Mvua inaosha chumvi ya juu. Chini ya upenu na barazani chumvi inakaa tu, inakula. Mwezi usio na mvua, chukua mpira wa maji na maji ya kawaida, osha upande wa chini wa upenu, ndani ya gata (mfereji wa maji wa ukingoni mwa paa) na vichwa vya skrubu. Ni kazi ya saa moja.

Bati ni jipya, halina miaka miwili, na lina vidoa vya kutu. Nimeuziwa feki?

Huenda. Lakini kabla ya kwenda kugombana dukani, uliza lilikatwa kwa nini. Mafundi wetu wanapenda grenda kwa kuwa ina kasi. Grenda inaunguza utando pembeni mwa mkato na kurusha cheche za chuma juu ya paa lote. Kila cheche inashika kutu na kuacha kidoa. Bati likatwe kwa mkasi wa bati au kwa msumeno maalumu, na vumbi la chuma lifagiliwe siku hiyo hiyo, siyo kesho.

Mambo mengine yanayolila bati la alumini na zinki: alama za penseli, saruji mbichi iliyodondoka ikaachwa, na maji yanayotiririka kutoka kwenye bomba la shaba la kiyoyozi. Kiyoyozi kinachodondosha juu ya bati nimekiona kikitoboa mstari mzima. Elekeza bomba lake chini.

Linavuja, lakini tundu silioni. Nitalipataje?

Maji hayadondoki chini ya tundu. Huingia juu, hutembea kwenye papi, hufika kwenye msumari au kiungo, ndipo yakadondoka. Doa la dari la chumbani linaweza kuwa na tundu lake juu ya ukumbi. Kwa hiyo jiulize kwanza linavuja lini.

Linavuja kila mvua, hata ndogo: ni tundu au raba ya skrubu iliyokufa. Linavuja mvua ikiwa na upepo tu: ni maungio ya bati na bati, au kofia, upepo unapandisha maji kinyume. Upepo wa mvua kubwa za masika hapa mara nyingi hutoka upande wa kusi, kusini mashariki, na fundi aliyepanga mabati mdomo wa maungio ukielekea huko amekuachia mlango wazi. Linavuja mvua ikiwa kubwa na ndefu tu: gata au bonde la kona, pale miteremko miwili inapokutana, limeziba na maji yamefurika kurudi ndani.

Kama bado hujui, subiri siku kavu. Mtu mmoja darini na tochi, mwingine juu na mpira wa maji. Anza chini ya paa, mwagia sehemu moja dakika kumi, ndipo upande hatua inayofuata. Ukianzia juu, maji yatapita kote na hutajua yameingilia wapi.

Nizibe kwa nini?

Tundu dogo: safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kausha kabisa, bandika mkanda wa lami wenye gundi unaozidi tundu pande zote kwa upana wa vidole vitatu, uukandamize. Kubandika juu ya vumbi ni kutupa pesa. Silikoni inayonuka siki isitumike kwenye bati, asidi yake inakula zinki. Omba ile isiyo na asidi. Na bati lenye matundu mengi usiliwekee viraka ishirini. Badilisha bati.

Nyumba yangu ni ya kisasa, paa limefichwa na ukuta. Kwa nini maji yanaingia darini kila mvua kubwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi, Goba, Madale, Kinyerezi, Kibada, kote huko. Nitasema wazi: sipingi nyumba hizi, ni nzuri kwa macho. Ila nyingi zimejengwa na watu waliobadilisha sura ya nyumba bila kubadilisha hesabu ya maji.

Paa la kawaida likiziba gata, maji yanamwagika nje na hasara ni ukuta kuchafuka. Paa la kuficha likiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Ukuta umelizunguka kama beseni. Chukua paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50, ambayo kwa Dar si ajabu: milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, basi umepokea lita 5,000. Lita 5,000 zipite kwenye bomba moja la inchi 3 lenye jani la mwembe mdomoni.

Fanya mambo haya. Kila upande wa gata uwe na matundu ya kutokea mawili au zaidi, lisiwe moja. Kila tundu liwe na kikapu cha waya, siyo kitambaa wala wavu wa mbu, ambao huziba kwa siku moja. Toboa ukutani tundu la dharura, chini kidogo ya ukingo wa gata, litoe maji nje mahali utakapoyaona ukiwa uani. Ukiyaona yanatoka hapo, ujue bomba la kawaida limeziba na paa limekuokoa. Juu ya ukuta uliozunguka weka kofia ya bati au ya zege yenye mteremko, kwa sababu plasta hupasuka, maji yanaingia katikati ya tofali na kushuka chumbani, nawe unamlaumu aliyeezeka bure. Na pale bati linapogusana na ukuta, bati la kuzibia liingizwe ndani ya mkato wa plasta. Kulibandika juu kwa silikoni hakutoshi, itabanduka.

Kisha kuna usafi. Paa la aina hii hulioni kutoka chini, kwa hiyo unalisahau. Mwezi wa mvua lipandiwe kila wiki mbili. Kama nyumba haina njia salama ya kupandia, jenga ngazi ya chuma nyuma. Ukiniomba ushauri wa kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye nyumba ya namna hii, ni ngazi.

Gata zangu zinaziba upya kila mwezi. Kwa nini?

Majani, na kunguru. Kunguru wa Dar hujenga kwa vijiti na vipande vya waya, huleta mifupa na maganda, na vyote huishia kwenye gata. Toa kiota kabla hakijakamilika. Gata iwe na mteremko unaoonekana kwenye uzi wa fundi, angalau nusu sentimita kwa kila mita. Iliyolala sawa huweka maji. Na maji yaliyosimama huzalisha mbu wa dengi, aliyetutesa jijini hapa mwaka 2014 na tena 2019. Siku saba hadi kumi zinamtosha kutoka yai hadi mbu kamili.

Mti wa jirani umeinamia paa langu. Nina haki ya kuukata?

Usipande na panga. Nenda kwa jirani kwa heshima, jioni, ukiwa na picha. Wengi hukubali wakiona. Akikataa, mpeleke suala kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, mkaandikiane. Mti wa barabarani, uliza halmashauri kwanza. Na tawi lililo karibu na nyaya za umeme ni kazi ya TANESCO peke yao.

TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa angalizo la upepo mkali na mvua kubwa. Leo nifanye nini?

Soma rangi. Njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwenye njano, safisha gata na matundu ya maji, shusha chochote kilicho juu ya paa, kaza dishi, ondoa mabati na mbao zilizolala uani. Mabati ya akiba yaliyoegeshwa ukutani huwa ndiyo yanayoumiza watu. Weka nyaraka, hati ya kiwanja na vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Usianze ukarabati wa paa siku hiyo. Paa lililofunguliwa nusu ni baya kuliko bovu.

Kwa kuwa tupo karibu na Ikweta, vimbunga vya baharini si vya kila mwaka kwetu, na baadhi ya watu huchukulia tahadhari kama kelele. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zilisitishwa. Si lazima kiwe kimbunga. Upepo wa dakika tano unaotangulia mvua ya radi umeezua nyumba nyingi.

Upepo unavuma sasa hivi na bati linapiga. Nipande nikaligongelee?

Hapana, kabisa. Bati likikatika likiwa mkononi mwako linakuwa panga. Funga madirisha na milango yote, hasa upande upepo unakotokea. Zima swichi kubwa ya umeme. Hamishia watu chumba cha katikati kilicho kidogo, mbali na barazani na mbali na dari inayotikisika. Kama kuna nyumba ya zege karibu na njia ni salama, wazee na watoto waende mapema, wasisubiri paa lianze kunyanyuka.

Paa limeezuliwa. Nianze na lipi?

Umeme. Kabla hujagusa bati lolote, angalia kama waya wa nguzo au waya wa kuingia nyumbani umelala juu yake. Bati lote hubeba umeme, pamoja na gata na mlango wa chuma. Ukiuona waya, toa watu wote, zuia watoto wa mtaa, waite TANESCO, na kukiwa na moto au mtu aliyefukiwa piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Pili, dari iliyovimba kwa maji. Jipsamu iliyojaa maji huanguka nzima. Ukiwa umezima umeme, weka ndoo chini, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi yenye mpini mrefu, yatoke polepole.

Tatu, picha, kabla hujafagia hata kipande kimoja. Piga nyumba yote kutoka mbali, kisha maungio yaliyoachia, kisha vitu vilivyolowa.

Ndipo turubai. Lipitishwe juu ya kofia na kushuka upande wa pili, lisiishie katikati ya mteremko, maana maji yataingia chini yake. Kingo zake zikunjwe kwenye ubao mwembamba na ubao upigiliwe kwenye papi. Turubai lililofungwa kwa kamba tu hupepea na kuchanika usiku wa kwanza.

Mabati yaliyobebwa na upepo yanafaa kurudishwa?

Yaliyonyooka, ndiyo, ukiziba matundu ya zamani na kupiga mapya pembeni. Yaliyokunjika, hapana kwa nyumba: kwenye kila mkunjo utando umepasuka na kutu itaanzia hapo. Yapeleke kwenye banda la kuku.

Bima italipa?

Kama ni bima ya moto peke yake, soma mkataba wako uone kama dhoruba na mafuriko vimeongezwa. Mara nyingi ni nyongeza unayopaswa kuiomba. Toa taarifa mapema, ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Tunza picha, risiti za turubai, na barua ya serikali ya mtaa. Hoja utakayokutana nayo ni uchakavu: watasema paa lilikuwa limechoka. Picha zako za ukaguzi wa Februari, zenye tarehe, ndizo zitakazokujibia. Ukiona hujatendewa haki, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA ndiyo inayosimamia kampuni zote.

Mimi ni mpangaji. Nani anatengeneza?

Paa ni la mwenye nyumba, isipokuwa mkataba wenu unasema vingine. Mwandikie, hata kwa ujumbe wa simu wenye picha, ili tarehe ibaki. Ukilazimika kutengeneza mwenyewe, mkubaliane kiasi kwa maandishi kabla, na akubali kikatwe kwenye kodi. Nimeona wapangaji waliotumia pesa zao kwa nia njema wakaambiwa hawakutumwa.

Nyumba ni ya miaka mingi na imeezekwa kwa asbesto. Upepo umevunja vipande.

Usifagie, usikate kwa grenda, usitoboe. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na madhara huja miaka mingi baadaye. Lowesha vipande kwa maji, vifunike, zuia watoto, na uwasiliane na mamlaka ya mazingira au halmashauri kuhusu namna ya kuviondoa. Usimpe kijana wa mtaani elfu kumi avitupe bondeni.

Nitamjuaje fundi mzuri wa paa?

Mwulize atafungaje kenchi kwenye lenta, na papi kwenye kenchi. Akianza kuzungumzia rangi ya bati, mshukuru umwache. Nenda ukaone paa aliloezeka miaka mitano iliyopita, si la mwezi jana. Nunua vifaa mwenyewe, lipa ufundi kwa hatua, na hatua ya kenchi uipande uione kabla bati halijafunika. Baada ya hapo hakuna atakayeona tena. Sisitiza mbao zilizotiwa dawa na zilizokauka. Mbao mbichi ikikauka juu ya nyumba hujipinda na kuachia misumari yake yenyewe.

Usiku nasikia bati likilia. Ni dalili mbaya?

Kama ni mlio mkavu wa mara moja moja jua linapozama, ni bati linapoa na kusinyaa, acha lilie. Kama linagonga upepo ukivuma, tena mahali pale pale, kuna kiungo kimeachia. Weka alama ya chaki ukutani chini ya mahali ulipousikia mlio, na asubuhi mwonyeshe fundi hapo hapo.